Uzamili wa saikolojia Ulaya kwa mwenye Shahada ya Elimu katika Saikolojia: kwa nini maombi yanakataliwa, na la kufanya

Swali: "Shikamoo. Nina Shahada ya Elimu katika Saikolojia ya hapa Tanzania, GPA 3.9, na huu ni mwaka wa pili nafundisha sekondari Mbeya. Nataka kusoma uzamili wa saikolojia Ujerumani au Uholanzi, kisha nirudi nyumbani nitibu watu. Nimeomba vyuo viwili na vyote vimenijibu kwamba masomo yangu ya awali hayatoshelezi. Kosa langu ni lipi? Na kuna wakala anataka milioni moja na nusu anitafutie nafasi. Nimpe?"

Marahaba. Jibu ulilopewa lina maana mahususi kabisa, na ukilielewa utajua pa kushika. Halihusu GPA yako wala Kiingereza chako. Kamati ya udahili ilikaa na transkripti yako, ikahesabu krediti za saikolojia na za takwimu, ikakuta hazifiki kiwango chake. Barua yako ya maelezo huenda hata haikufunguliwa, kwa sababu hesabu hiyo huja kwanza.

Inavyokwenda ni hivi. Ulaya shahada ya kwanza ya saikolojia ya miaka mitatu ina krediti 180 za ECTS (mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti za masomo), 60 kila mwaka, na karibu zote ni za saikolojia yenyewe. Sehemu kubwa ni mbinu za utafiti na takwimu, jambo ambalo wanafunzi wengi wa kwetu hawalitarajii. Shahada yako wewe ina vipande vitatu: saikolojia, ualimu, na somo la kufundishia. Mazoezi ya kufundisha, mitaala na falsafa ya elimu ni masomo ya maana, lakini kamati ya saikolojia hayawekei hata krediti moja. Kwa hiyo unaweza kuwa umesoma miaka mitatu mizima na ukahesabiwa mwaka mmoja na nusu tu.

Juu ya hapo kuna tatizo la vipimo. Katika mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja ni krediti 120. ECTS moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka ni 60. Kwa hesabu ya mwaka kwa mwaka, unagawanya kwa mbili: somo la krediti 12 la kwetu ni ECTS 6. Ukiandika 12 kwenye fomu inayouliza ECTS, msomaji makini atagundua jumla yako inapita 180 na ataanza kutilia shaka kila namba nyingine. Ukiacha wazi, atakadiria mwenyewe, na makadirio ya mtu mwenye mafaili mia tatu mezani mara chache yatakupendelea.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo nadhani ndilo lililokuangusha: majina ya masomo. Somo linaloitwa Mbinu za Utafiti wa Elimu linaonekana kwao kama somo la ualimu, hata kama wiki nane kati ya kumi na tano mlikuwa mnafanya takwimu. Transkripti haisemi ndani kuna nini. Kinachosema ni maelezo ya masomo, na hiyo ni hati unayopaswa kuiomba idarani, si kuitunga. Kwa kila somo la saikolojia na la utafiti, maelezo yawe na msimbo na jina kama lilivyo kwenye transkripti, mwaka na muhula, krediti za kwetu na za ECTS, saa za mihadhara na za kujisomea, mada, vitabu vikuu, namna ya tathmini na alama uliyopata. Mfano:

"Mbinu za Utafiti wa Elimu, mwaka wa 2, muhula wa 1. Krediti 12, sawa na ECTS 6. Saa 120. Mada: miundo ya utafiti, sampuli, uhalali na uthabiti wa vipimo, wastani na mkengeuko sanifu, kipimo cha t, kai-mraba, uhusiano wa vigeu, regresheni sahili, uchambuzi kwa SPSS. Tathmini: kazi mbili za vitendo na mtihani wa mwisho."

Mistari sita tu, lakini sasa msomaji anaona takwimu, anaona SPSS (programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu), anaona saa. Hati nzima ipigwe muhuri na kusainiwa na mkuu wa idara au ofisi ya msajili. Usiongeze mada ambayo hamkufundishwa, maana baadhi ya programu hufanya usaili na swali la kwanza huwa ni la takwimu. Ukiulizwa thamani ya p inaeleza nini ukababaika, hati yote inakosa uzito. Anza kuiomba mapema sana, kwa sababu mitaala ya zamani hukaa kwenye makabati na mhadhiri aliyefundisha anaweza kuwa masomoni nje. Miezi miwili si mingi.

Ukishaipata, kaa na karatasi ujihesabu mwenyewe kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi. Chora safu nne: misingi ya saikolojia, yaani ya jamii, ya makuzi, ya utambuzi na ya kibiolojia; mbinu na takwimu; upimaji wa kisaikolojia; na tasnifu. Jaza ECTS zako. Kisha fungua ukurasa wa masharti wa kila programu uweke namba zao pembeni. Kwenye safu ya mbinu na takwimu si ajabu kukuta wanataka 15, 20 au hata 30. Ukiwa na 12 mahali wanapotaka 15, waandikie swali fupi ukiambatisha hati. Ukiwa na 6 mahali wanapotaka 30, usipoteze pesa.

Pengo likiwa dogo linazibika, ila kwa masomo yenye krediti na mtihani yaliyotolewa na chuo kinachotambulika. Muulize msajili wa chuo kilicho karibu nawe kama unaweza kusoma somo moja au mawili ya takwimu bila kuandikishwa shahada nzima. Vyeti vya kozi za mtandaoni za wiki nne vinaonyesha bidii, viweke kwenye wasifu wako, lakini kwenye safu ya krediti vingi vitahesabiwa sifuri.

Kabla sijaendelea na hati, kuna jambo kubwa zaidi kwenye swali lako. Umesema unataka kurudi utibu watu. Uzamili wa mwaka mmoja au miwili unaofundishwa kwa Kiingereza Ulaya, kwa kawaida, haukupi leseni ya kutibu. Ujerumani sheria mpya ya tiba ya kisaikolojia ilianza Septemba 2020: anayetaka kutibu husoma shahada ya kwanza iliyopangwa kwa ajili hiyo, kisha uzamili wa saikolojia ya kliniki na tiba, kisha mtihani wa serikali, na yote hayo huendeshwa kwa Kijerumani. Uholanzi, baada ya uzamili, mtu husoma mafunzo ya vitendo ya miaka miwili ndipo aandikishwe kuwa mwanasaikolojia wa huduma za afya. Uingereza mwanasaikolojia wa kliniki anahitaji shahada ya uzamivu ya miaka mitatu, kwa hiyo uzamili wenye neno kliniki kwenye jina lake hautoshi. Watu wengi hugundua haya wakiwa tayari huko, ada imeshalipwa.

Kama lengo lako ni kukaa na mgonjwa Muhimbili au Mirembe na kuzungumza naye kwa Kiswahili, basi ulinganishe kwa dhati na uzamili wa saikolojia ya kliniki wa MUHAS, chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili, au wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko utafanya mazoezi hospitalini na wagonjwa wa lugha yako, chini ya msimamizi. Ukifikiria kufanya kazi Kenya, fahamu pia kwamba tangu 2014 kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia inayodai usajili. Sisemi usiende Ulaya. Nasema uende kutafuta kile ambacho Ulaya inakupa kweli: utafiti, upimaji, takwimu, saikolojia ya ujifunzaji, saikolojia ya kazi. Hivyo ni vitu ambavyo Tanzania ina uhaba navyo mkubwa.

Kwa shahada yako na miaka yako darasani, ningekuelekeza kwanza kwenye programu ambazo elimu kwao ni faida. LMU, chuo kikuu kilichopo Munich, Ujerumani, ina uzamili wa saikolojia katika sayansi ya ujifunzaji, wa miaka miwili, kwa Kiingereza. Za ubongo na utambuzi, kama ile ya TU Dresden au ya Freie Universität Berlin, zitakubana zaidi kwenye takwimu na baiolojia.

Kisha kuna Erasmus Mundus, programu za uzamili zinazoendeshwa na vyuo kadhaa kwa pamoja kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Katika saikolojia kuna WOP-P, ya saikolojia ya kazi na mashirika, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Valencia, na Global-MINDS, ya saikolojia ya uhamaji na ujumuishi, inayoratibiwa na ISCTE, chuo kikuu kilichopo Lisbon. Unasoma katika nchi zaidi ya moja, na anayepata ufadhili hulipwa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24 bila kudaiwa ada ya masomo. Ushindani ni mkali. Fedha za Umoja wa Ulaya hutolewa kwa mikondo michache kisha programu huomba upya, kwa hiyo hakikisha mkondo wa mwaka wako una ufadhili kabla hujaanza kuandika.

Kwa mwenye pengo kubwa la saikolojia, Uingereza ina uzamili wa kubadili fani, wa mwaka mmoja, unaopokea wenye shahada nyingine. Ukichagua uliopitishwa na Chama cha Wanasaikolojia cha Uingereza, unatoka na msingi unaotambulika wa kuendelea. Tatizo ni bei: ada kwa mgeni mara nyingi huvuka pauni 20,000. Hapo ndipo Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inapoingia. Wanataka saa 2,800 za kazi, wakihesabu saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, miaka miwili. Wewe unakaribia kuzifikisha. Dirisha lao hufunguliwa Agosti, na sharti ni urudi nyumbani ukae miaka miwili.

Turudi kwenye hati. GPA yako ya 3.9 ni kati ya 5.0. Iandike hivyo kila mahali. Ukiandika 3.9 peke yake, mtu aliyezoea mizani ya 4.0 atadhani umekaribia ukamilifu, kisha akifungua transkripti aone wewe ni daraja la pili la juu, ataona kama umemdanganya. Ambatisha ukurasa wa mizani ya alama wa chuo chako. Ujerumani hutumia fomula: alama ya juu kabisa ukitoa yako, gawanya kwa alama ya juu ukitoa ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwako ni 5.0 toa 3.9, yaani 1.1, gawanya kwa 5.0 toa 2.0, yaani 3.0, mara tatu ni 1.1; ongeza moja unapata 2.1. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kwa hiyo 2.1 ni alama nzuri, ila kwenye programu zinazopokea watu ishirini inaweza isitoshe, na hilo lipime kabla ya kuchagua orodha.

Majina yafanane. Cheti cha NECTA kina majina matatu, transkripti mawili, pasipoti imeandika la ubini kwanza, na cheti cha ndoa kimeleta jingine. Tatizo hili halionekani hadi siku ya viza. Kama kuna tofauti, tengeneza kiapo kwa wakili sasa hivi na kiambatishe kila mahali.

Kwa Kiingereza, IELTS 6.5 ndiyo ya kawaida, wengine 7.0, na wengi huangalia pia kila kipengele peke yake, hasa kuandika. Matokeo hudumu miaka miwili. Baadhi ya vyuo hupokea barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Uliza kabla ya kulipia mtihani.

Barua za mapendekezo huharibika kwa sababu ndogo sana. Mfumo humtumia mhadhiri kiungo, kiungo kinaingia kwenye taka za barua pepe, tarehe inapita. Mwambie mhadhiri siku unayomjaza kwenye fomu, mwombe atumie barua pepe ya chuo badala ya Gmail, na mpe wiki tatu. Mpelekee pia ukurasa mmoja wenye masomo aliyokufundisha, alama, mada ya tasnifu na mambo mawili unayotaka ayaguse. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne hawezi kukumbuka ulivyochambua data zako, na barua isiyo na tukio hata moja mahususi haisaidii mtu. Barua ya mkuu wako wa shule iwe ya pili, isiwe ya kwanza. Wao wanataka mtu aliyekuona ukifanya utafiti.

Barua yako ya maelezo iwe kati ya maneno 500 na 800 isipokuwa wameandika vingine. Ifute sentensi ya "Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuelewa akili ya binadamu." Kila mwombaji anayo. Linganisha na hii, tuseme ndiyo tasnifu yako: "Nilipima wasiwasi wa mtihani kwa wanafunzi 140 wa kidato cha nne kwa dodoso la maswali 20 nililolitafsiri. Majibu ya maswali manne hayakuendana na mengine, na nilipowauliza wanafunzi niligundua kwamba neno nililotumia kwa wasiwasi walilielewa kama haraka. Nataka kujifunza namna ya kujaribu kipimo katika lugha mpya kabla ya kukitumia." Hapo kuna idadi, kuna kosa, na kuna sababu ya kuhitaji shule. Kisha taja somo moja au mawili ya programu yao yanayojibu hitaji hilo, na mtu mmoja wa idara ambaye umesoma kazi yake kweli.

Hili la lugha lina nguvu kuliko unavyodhani. Dodoso la PHQ-9 la sonona, lenye maswali tisa na alama 0 hadi 27, lina toleo la Kiswahili linalotumika kwenye tafiti Tanzania na Kenya, lakini vipimo vingi vya watoto shuleni bado havijajaribiwa ipasavyo kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwalimu anayejua takwimu na anayejua mtoto wa Mbeya anasemaje akisema anaumwa moyo, ni mtu ambaye idara yoyote ya upimaji ingependa kuwa naye.

Tarehe. Ukilenga kuanza Septemba au Oktoba, hesabu kurudi nyuma miezi kumi na minne. Erasmus Mundus nyingi hufungua kati ya Oktoba na Februari. Uholanzi, kwa wasio wa Umoja wa Ulaya, tarehe za mwisho huangukia kati ya Januari na Aprili. Unajiandikisha kwanza Studielink, mfumo wa taifa wa maombi ya vyuo, kisha unajaza mfumo wa chuo, na vyuo vingi hutoza euro 100 ya maombi. Ujerumani tarehe ya jumla ni 15 Julai, lakini programu za Kiingereza mara nyingi hufunga mapema zaidi, na kwa mwombaji wa Tanzania Julai ni kuchelewa, maana viza bado. Vyuo vingi hupitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo: euro 75 kwa chaguo la kwanza, euro 30 kwa kila linalofuata katika muhula huo huo. Wao hukagua karatasi tu, hawakuchagui, na faili likikosa ukurasa mmoja hukurudia baada ya wiki kadhaa. Tuma wiki nane kabla.

Pesa za kuonyesha. Vyuo vya umma vingi Ujerumani havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, euro 1,500 kwa muhula kwa mgeni tangu 2017, na TUM ya Munich nayo imeanza kutoza. Lakini kwa viza unatakiwa akaunti ya zuio yenye euro 11,904, ambazo utaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Badala yake unaweza kuleta barua ya ufadhili kamili, au ndugu anayeishi Ujerumani asaini ahadi rasmi ya kukugharamia kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Bima ya afya ya umma ya bei ya mwanafunzi ni kwa walio chini ya miaka 30. Ukiwa umevuka, bajeti inabadilika. Uholanzi akaunti ya zuio haihitajiki kwa namna hiyo, chuo chenyewe ndicho kinachokuombea kibali, ila kinataka pesa mapema, na ada kwa uzamili wa saikolojia aghalabu ni kati ya euro 15,000 na 25,000 kwa mwaka. Bila ufadhili, kwako Ujerumani ina mantiki zaidi.

Na wakala? Hapana. Vyuo vya umma vya Ujerumani na Uholanzi vinapokea maombi moja kwa moja kutoka kwako, na hakuna mlango wa pembeni anaoujua yeye. Hawezi kukuongezea krediti za takwimu, na krediti ndizo zilizokukatalisha. Hiyo milioni moja na nusu inatosha kulipia IELTS, uni-assist kwa vyuo vinne na nakala za kuthibitisha, na huenda somo moja la takwimu la kuziba pengo. Kama tayari umempa vyeti vyako, mwombe akurudishie, na uangalie kama amefungua akaunti ya maombi kwa jina lako akitumia barua pepe yake. Ikiwa ndivyo, mtake abadilishe barua pepe iwe yako leo, kisha wewe ubadilishe nywila. Akikataa, kiandikie chuo husika ukieleza, ukiambatisha nakala ya pasipoti, kabla hujatuma ombi lolote jipya, kwa sababu maombi mawili ya mtu mmoja yenye taarifa zinazopishana huweza kufutwa yote mawili.